Kamba ya Bembea

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Miaka michache baadaye baba yangu, karani wa bandarini, akapewa vyumba viwili ghorofa ya pili karibu na Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam. Hapo ndipo tulipopakana na Ba. Ba kwa Kigujarati ni mama, na jengo zima tulimwita hivyo. Mumewe ndiye aliyelijenga. Sasa Ba alikuwa mpangaji kama sisi, mlango kwa mlango. Sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Sikukuu ya Janmashtami ya Wahindu kama Ba, kuzaliwa kwa mungu wao Krishna, niliijulia jikoni. Siku mbili kabla yake Ba alipika kutwa nzima: puri, viazi vya bizari, na thepla, zile chapati nyembamba za uwatu na manjano. Kesho yake jiko lake la mafuta ya taa halikuwashwa. Lilisuguliwa likang'aa, likatiwa vitone vyekundu, likaachwa lipumzike, na watu wote wa nyumba ile wakala kiporo cha jana. Mama alidhani wameishiwa mafuta, akanituma na chupa. Ba akanirudisha na chupa ileile na sahani ya thepla juu yake, kisha akaja mwenyewe kueleza: siku hiyo ni ya Shitala, mungu wao wa kike wa ubaridi, anayeombwa awakinge watoto na ndui. Mama akajishika shavu lake lenye makovu ya ndui. Tangu mwaka huo hakutuma chupa tena.

Siku ya tatu ndiyo yenyewe. Walifunga, hawagusi wali wala ngano, ila matunda, maziwa, viazi na karanga. Jioni watoto tulikaa kwenye ngazi Ba akitusimulia. Kamsa, mtawala wa Mathura, aliambiwa kwamba atauawa na mtoto wa nane wa dada yake Devaki, akamfunga gerezani yeye na mumewe, akawa anawaua watoto kila wakizaliwa. Kwetu mjomba ni mtu wa kukimbilia, kwa hiyo kisa hicho kilinitisha kuliko hadithi zote za majini. Krishna alizaliwa usiku wa manane; pingu zikafunguka, na baba yake akamtia kapuni, akavuka naye mto Yamuna hadi Gokul, alikolelewa na Yashoda na kukua akiiba siagi kwenye vyungu vya majirani.

Saa sita ya usiku milango yote miwili ilikuwa wazi. Bembea ya Ba ilikuwa ya mbao, ndogo kama sanduku la viatu, yenye njuga nne za shaba. Sanamu ya mtoto anayetambaa, mkononi ameshika donge la siagi, iliogeshwa kwa maziwa, mtindi, asali, samli na sukari, ikavikwa nguo mpya aliyoishona Ba kwa cherehani yake, ikalazwa. Kisha kila mtu alivuta kamba kwa zamu. "Njoo, mwanangu, na wewe," Ba aliniita. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. Hakuvuta, lakini hakunizuia. Alisema kwamba na sisi tunasoma Maulidi.

Aliwahi kumuuliza Ba mbona Maulidi yetu huzunguka mwaka mzima, ilhali sikukuu yao haitoki Agosti na Septemba, na wote tunafuata mwezi. Ba alimjibu kwamba wao, kila baada ya miaka mitatu hivi, huongeza mwezi wa 13, mwaka wa mwezi ukaliwahi jua.

Baada ya vita vya Kagera mambo yalikuwa magumu. Sukari ilikuwa ya foleni, na samli ya kutafutwa. Mwaka mmoja Ba alitumia sukari guru, na mwaka uliofuata mama alimpelekea nusu kilo aliyoisimamia tangu alfajiri. Katika miaka hiyo watoto wa Ba waliondoka mmoja mmoja kwenda Uingereza, na mwishowe Ba mwenyewe akawafuata Leicester, na bembea yake sandukuni.

Siku hizi sikukuu iko hekaluni. Nimekwenda mara kadhaa na kupokelewa vizuri: taa za rangi, vijana wakipandiana mabegani kupasua chungu cha mtindi, bembea kubwa ya fedha, simu zimeinuliwa juu kila upande. Inapendeza, na kwa watu waliotawanyika kiasi kile, kukusanyika ni neema. Lakini kwenda kwenye sherehe ya jirani ni kitu kimoja, na sherehe kukukuta mlangoni kwako ni kingine. Hicho cha pili ndicho nilicholelewa nacho, na jengo letu limekwisha kubomolewa. Ghorofa refu limesimama pahali pake, na mlinzi wa getini huuliza unakwenda namba ngapi.

Ba amefariki. Mjukuu wake hunipigia simu ya video usiku wa Janmashtami, bembea ileile ikiwa mezani. Njuga moja imepotea. Saa sita ya usiku ya Leicester mwezi Agosti ni saa nane hapa kwetu, na mimi hukaa macho mpaka saa nane.