Mbao za Mfalme

Sisi tuliosoma shule za msingi za Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 1980 tunaijua kazi ya dumu. Asubuhi tulibeba maji kutoka nyumbani kwenda kumwagilia miche. Serikali ilikuwa imeanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, maana mkoa ulikuwa umebaki vumbi. Wazee nao wakazirudishia heshima ngitili, zile akiba za malisho za Wasukuma. Kweli, si maji yote yaliyofika kwenye miche. Mengine yaliishia kwenye bustani ya mwalimu, nasi tukanyamaza kwa kuogopa fimbo. Hata hivyo miti mingine ipo hadi leo, na tukipita chini yake tunajidai kidogo.

Mwaka jana binti yetu wa darasa la tano alituambia kwamba Ijumaa anatakiwa kwenda na jembe. Tulikuwa nalo. Mtoto wa jirani hakuwa nalo, akarudishwa nyumbani, na somo la hesabu likampita. Hapo ndipo tulipoumia. Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo yenyewe. Je, shamba linalomfukuza mtoto maskini darasani linamfundisha nini?

Tangu 2016 tuna elimu bila malipo, na ruzuku ya shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo mna vitabu, chaki, mitihani, ukarabati. Jembe litakaa wapi?

Tulilipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee wa kanisa hapa Ibadakuli, tukipendekeza sehemu ya sadaka ya mavuno inunue majembe. Tulidhani litapita bila neno. Mama mmoja akasimama: "Mchungaji, kodi tunalipa hata kwenye kilo ya sukari. Leo majembe ya shule yawe sadaka, kesho madawati, na serikali itasahau kabisa."

Wengine walimwona mgumu wa moyo. Sisi usiku ule tulifungua Nehemia. Tumehubiri mara nyingi juu ya watu waliojenga ukuta kwa mikono yao, kila mmoja mbele ya nyumba yake. Tulikuwa tukiruka sura ya pili, pale Nehemia anapoomba barua ya mfalme ili apewe mbao za msitu wa mfalme. Hakuona haya kuomba. Mikono ilikuwa ya watu, mbao zikatoka kwa mfalme.

Basi tulinunua majembe kumi, maana mtoto wa jirani hawezi kungoja bajeti. Siku hiyohiyo tukaandika barua kwa diwani, kuomba halmashauri itenge fungu la shamba na miche, na mama yule akatia sahihi ya kwanza.

Jibu bado. Miche ya mwarobaini inanyweshwa kwa madumu ya watoto, na dumu la binti yetu linavuja.