Nipe Maji

Kwetu Tingi, wilaya ya Nyasa, mgonjwa hunyamaziwa. Watoto hufukuzwa uani, redio hupunguzwa, wanaokuja kumjulia hali huongea kwa kunong'ona. Wimbo ukisikika usiku kwenye nyumba yenye mgonjwa, majirani huanza kutafuta khanga, maana una tafsiri moja tu. Ndiyo sababu mama alikuja juu siku mjomba alipompigia babu ngoma.

Babu alikuwa na miezi minne tangu apate kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, lakini kilichotuumiza zaidi ni maneno. Alituelewa vizuri. Akitaka kujibu, ilitoka silabi moja tu, "ta, ta, ta", kisha machozi ya hasira. Mama ndiye aliyemlisha, kumgeuza na kumwogesha, huku akibahatisha kutwa: ni maji? ni baridi? ni haja ndogo? Ilifika mahali wakawa hawatazamani, mtu na baba yake mzazi.

Ujanani babu alicheza mganda. Kwa wasioujua, ni ngoma ya wanaume wa pande za Ziwa Nyasa, iliyotokana na kuiga bendi na gwaride za kijeshi za enzi ya ukoloni: safu zilizonyooka, nguo nyeupe, ngoma kubwa, na vibuyu vyenye utando wa buibui vinavyolia kama tarumbeta. Mjomba aligonga mapigo ya kuanzia kwenye dumu tupu la mafuta ya kula. Babu akaimba. Aliimba maneno kamili, ubeti mzima, bila kukwama.

Mama alisema ni muujiza. Jambo lenyewe ni la zamani: mwaka 1745, Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia, asiyeweza kuongea, lakini aliyeimba tenzi za kanisani alizojifunza kabla ya kuugua. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, wakati uimbaji huutumia sana na upande wa kulia. Upande mmoja ukiumia, wimbo unaweza kubaki.

Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu mama aliuliza: "Haya, anaimba. Maji ataombaje?"

Ni swali zuri kuliko makala nyingi nilizosoma. Jibu nililikuta kwenye kazi ya Albert, Sparks na Helm, watafiti wa Boston, waliochapisha mwaka 1973 njia ya kufundisha sentensi fupi kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mgonjwa akigongagonga mkono wa kushoto. Baadaye sauti hupunguzwa kidogo kidogo, yabaki maneno. Kiswahili chenyewe kinasaidia, kwa kuwa mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. NI inapanda, pe inashuka, MA inapanda, ji inashuka. Mama alifanya hivyo naye kila asubuhi kabla ya uji. Wiki ya sita babu aliomba maji. Alikunywa vikombe viwili, nadhani cha pili kilikuwa cha ushindi.

Sipendi watu wanaorukia kusema ngoma ni dawa, basi. Ng'ambo ya ziwa, Watumbuka wa Malawi wana vimbuza, ngoma ya kutibu ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2008 kama urithi wa binadamu, na naiheshimu. Lakini babu alimeza vidonge vyake vya presha kila siku, na mguu ule ulihitaji mazoezi.

Aliyebadilika kuliko wote ni mama. Utafiti wa Finland wa mwaka 2008, wenye wagonjwa 60 wa kiharusi, uliona kwamba waliosikiliza kila siku muziki walioupenda walirudisha kumbukumbu ya maneno vizuri zaidi, na hawakuzama sana katika huzuni. Wauguzaji hawakupimwa. Mimi nilimsikia mama akianza kuimba nyimbo za kioda wakati wa kumwogesha, naye babu akidakia viitikio kwa kejeli, kwa kuwa kioda ni ya wanawake. Ugomvi wao ukarudi kuwa ule wa zamani, wa utani.

Sasa ana sentensi kama kumi na tano. Jina la mama bado halitoki bila kuimbwa, kwa hiyo humwita kwa sauti mbili kutoka barazani, hata kukiwa na wageni. Watoto wa jirani wanamwigiza. Mama huitika kwa sauti hizo hizo, anafuta mikono, anakuja.