Kafyu Iliporudisha Wanaume Nyumbani

Mombasa ina jioni ndefu. Jua likilegea baada ya alasiri makarai hutolewa nje, viazi hutumbukizwa kwenye mafuta, mishkaki hupepewa, na zamani wanaume wa Kibokoni, mtaa wetu wa Mji wa Kale, walikuwa wakijongea barazani mmoja mmoja kumngoja muuza kahawa apite akigonganisha vikombe vyake. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Akishaswali Isha alikaa hapo hadi saa nne, akarudi chakula kimepoa na watoto wamelala. Sikuona la kulalamikia. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo, na babu yangu kabla yake.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Siku hizo za mwanzo watoto walizichukulia kuwa likizo iliyowahi kuja. Mama mkwe alichemsha tangawizi, ndimu na karafuu kwenye sufuria kubwa, na hakuna aliyepita ukumbini bila kunyweshwa. Watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko, na hapo nilikuwa upande wa wazee: mtoto aliyefunzwa kuubusu mkono wa bibi yake, kumwambia ampe kiwiko, hakupendezi hata kama ni agizo la daktari. Lakini baraza ziliendelea kujaa.

Zilinyamaza tarehe 27 Machi, kafyu ilipoanza: saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Anayeijua Mombasa ataona mara moja uzito wa saa hizo. Magharibi huingia kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, Isha kabla ya saa mbili. Mji ulikatwa palepale unapoanza kupata hewa. Siku hiyo ya kwanza, kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakikimbilia feri warudi makwao walirushiwa vitoa machozi na kupigwa marungu kabla saa yenyewe haijafika. Tarehe 1 Aprili Rais akaomba radhi kwa nguvu iliyozidi kiasi, lakini mitaani kwetu habari ya Likoni ilikwisha kufanya kazi yake. Magharibi ikikaribia hukumwona mtu nje ila paka.

Basi wanaume wakarudi nyumbani, na nyumba haikuwa tayari kuwapokea. Sebule wakati wa jioni ilikuwa yetu wanawake. Jirani alikuja kuomba chumvi akakaa saa nzima, tukasukana nywele, tukatazama tamthilia zetu tukiwatukana wabaya wake kwa sauti. Sasa palikaa mume, rimoti mkononi, akihama stesheni moja hadi nyingine kutafuta habari zilezile, kisha akauliza kwa nini taa zinawaka vyumba viwili. Jirani yangu alinong'ona dirishani, "Shoga, hii korona nitaivumilia. Huyu anayeitisha chai kila nusu saa ndiye sitamuweza."

Sinia ndilo lililotupatanisha. Ilibidi chajio kiwahi, na kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, tulikizunguka sote. Siku moja tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mume wangu akamuuliza binti yetu mdogo mbona hagusi samaki. Mama mkwe ndiye aliyemjibu: "Huyu hali mpaka achambuliwe miiba. Miaka yote namchambulia mimi. Wewe ulikuwa wapi?" Akanyamaza, akavuta kipande, akaanza kuchambua. Tangu siku hiyo kazi ile ikawa yake.

Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili misikiti ilikuwa imefungwa, tukaswali tarawehe sebuleni. Kijana wetu wa darasa la saba, aliyekuwa amehifadhi juzuu kadhaa, ndiye aliyesalisha, babake nyuma yake, nasi wanawake nyuma ya babake. Mama mkwe, ambaye hasifu ovyo, alisema tajwidi ya mjukuu yaishinda ya mwanawe.

Lakini starehe hiyo ya kwetu ilikuwa njaa ya wengine, na sipendi wanaoisimulia kafyu kama pikiniki ya familia. Mwenye karai kichochoroni petu alipata riziki yake jioni. Alijaribu kukaanga saa nane mchana, ila nani anayetaka viazi vya moto jua likiwa utosini? Ada ya kutuma pesa kwa simu ilikuwa imeondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, kwa hiyo tulimtumia malipo na mtoto akaenda kuchukua viazi mlangoni kwake, hata siku ambazo hatukuvitamani. Muuza kahawa hakuwa na mlango wa kuendewa. Yeye ndiye aliyewaendea watu, nao hawakuwepo. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na hapo hata waliokuwa na akiba walianza kuhesabu.

Kafyu ililegezwa polepole: Juni ikasogea hadi saa tatu usiku, mwishoni mwa Septemba hadi saa tano, na tarehe 20 Oktoba 2021 ikaondolewa kabisa. Nilidhani baraza itamchukua tena mume wangu kama zamani. Alirudi kweli, na wenzake wakarudi, lakini saa mbili na nusu utamwona akiinuka. Anasema anakuja kula na watoto. Wenzake kadhaa hufanya hivyo hivyo, na anayebaki nyuma hutaniwa kwamba kwake hatakiwi. Zamani mzaha ulikuwa kwa anayeondoka.

Muuza kahawa wetu aliuza dele lake mwaka ule ule, na leo anaendesha bodaboda. Barazani siku hizi hunywewa chai ya chupa inayoagizwa majumbani kwa simu. Tunaoipika ni sisi.