MALIPO NI HAPA HAPA: Wagiriki Walimjua Mwenye Kuyaleta, na Hakuwa Shoga wa Mtu

Staa akiachika, watu wanaandika "malipo ni hapa hapa duniani". Tajiri akifilisika, malipo ni hapa hapa. Aliyemchukua mume wa mwenzie na yeye akichukuliwa, hapo ndiyo usiseme, maoni yanamiminika mpaka simu inapata moto. Sentensi hiyo moja imeshakuwa kama muhuri: mtu akianguka tu, inagongwa juu yake, kesi imefungwa, watu wanasubiri mwingine.

Sasa swali. Huyo anayeleta malipo ni nani, na anapiga mahesabu yake vipi?

Wengi watajibu Mungu, na hilo ni la imani ya kila mtu, liachwe lilivyo. Wagiriki wa kale walikuwa na miungu kibao, na kazi hii waliikabidhi kwa mwanamke mmoja. Jina lake Nemesis. Mshairi Hesiod anasema ni binti wa Usiku, kamzaa bila baba. Jina lenyewe linatoka kwenye neno lao la kugawa, yaani kumpa kila mtu fungu lake, lisizidi wala lisipungue. Kwa hiyo tangu mwanzo huyu mama hakuwa mtu wa kupiga watu ovyo. Alikuwa mgawaji. Wasanii wa zamani walimchora ameshika kijiti cha kupimia, kama dhiraa ya fundi cherehani. Wengine wakampa hatamu, ile kamba ya kumtuliza farasi anayekimbia kupita kiasi, na wengine wakamweka gurudumu miguuni. Gurudumu maana yake unaielewa bila kufundishwa: aliye juu mngoje chini.

Hekalu lake maarufu lilikuwa Rhamnous, kijiji cha pwani katika nchi ya Attica, upande wa kaskazini mashariki ya Athens, si mbali na Marathon. Na sanamu yake ya pale ina hadithi tamu. Mwaka 490 KK Waajemi walikuja na merikebu kuipiga Athens. Msafiri Pausanias, aliyeandika habari za Ugiriki miaka mia kadhaa baadaye, anasimulia kwamba walikuwa na uhakika wa kushinda kiasi kwamba walibeba kabisa jiwe la marumaru kutoka kisiwa cha Paros, ili wakishamaliza kazi wachonge mnara wa ushindi. Yaani keki ya sherehe imeletwa kabla mtihani haujafanywa! Pale Marathon wakachapwa. Jiwe likabaki. Wagiriki wakalichukua, wakachonga sanamu ya Nemesis mwenyewe.

Pausanias aliiona hiyo sanamu kwa macho yake. Anasema mkono wa kushoto ulishika tawi la mtufaha, na wa kulia bakuli lililochorwa Waafrika weusi, wale ambao Wagiriki waliwaita Waaithiopia. Kwa nini Waafrika wawe kwenye bakuli la mungu wa malipo? Pausanias anakiri kwamba hata yeye hakupata jibu. Kipande cha kichwa cha sanamu hiyo leo kipo London, katika jumba la makumbusho la British Museum.

Hapo ndipo watu wengi wanapomkosea Nemesis. Wanadhani kazi yake ni kuwafukuza wezi na wauaji. Hapana. Yeye shida yake kubwa ilikuwa na mtu aliyejaa. Mtu aliyepata, akasahau kwamba kapata. Mrembo anayeona wengine ni takataka. Kijana Narcissus, katika hadithi iliyoandikwa na Mroma Ovid, hakuiba cha mtu. Alikuwa na miaka 16, mzuri kupindukia, na kila aliyempenda alimtolea nje kwa dharau. Mmoja wa waliodharauliwa akainua mikono akaomba: naye apende, na asipate anachokipenda. Mungu wa kike wa Rhamnous akasikia. Kijana akainama kunywa maji, akaona sura, akaipenda, kumbe ni ya kwake mwenyewe. Akaishia pale pale ukingoni.

Ndiyo maana Wagiriki walikuwa waangalifu na midomo yao. Kabla mtu hajasema jambo la kujisifu, alitanguliza neno la kumwomba radhi Adrasteia, ambalo lilikuwa jina lingine la Nemesis, maana yake "asiyekimbilika". Wengine walitema mate kifuani mara tatu. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akilisikia hilo hashangai. Mtoto akisifiwa bila mashallah, bibi anakunja uso.

Mpaka hapo kila kitu kinaonekana kizuri. Mwenye kiburi anashushwa, sherehe iendelee. Tatizo linaanza na mfalme Croesus.

Huyu alitawala Lydia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na utajiri wake ulikuwa wa kusimuliwa dunia nzima. Herodotus anaeleza kwamba mzee wa busara kutoka Athens, Solon, alimtembelea. Croesus akamzungusha kwenye hazina zake, kisha akamuuliza ni nani mwenye heri kuliko watu wote. Alitegemea atajwe yeye. Solon akataja watu wa kawaida kabisa waliokwisha kufa kwa heshima, akamwambia mfalme kwamba heri ya mtu haipimwi mpaka uonekane mwisho wake. Croesus akamwona mzee hana akili. Solon akaondoka, na Herodotus anasema baada ya hapo nemesis kubwa kutoka kwa mungu ikamshika Croesus, kwa kuwa alijiona ndiye mwenye heri kuliko binadamu wote.

Sasa angalia nemesis ilipogonga. Haikugonga hazina kwanza. Iligonga mtoto.

Croesus aliota kwamba mwanawe Atys atauawa kwa ncha ya chuma. Akaondoa mikuki na mishale yote ukumbini, akamwozesha kijana, akamzuia asiende vitani. Nyumbani kwake alikuwa anaishi mkimbizi mmoja, Adrastus, aliyemuua ndugu yake kwa bahati mbaya na kufukuzwa kwao. Croesus alimpokea na kumtakasa. Siku moja wakaja watu kuomba msaada dhidi ya nguruwe mwitu aliyekuwa akiharibu mashamba. Atys akambembeleza baba: nguruwe ana mikono? Nguruwe anashika mkuki? Baba akalegea, akamtuma Adrastus amlinde. Wakamzingira nguruwe, wakarusha mikuki. Adrastus akamkosa nguruwe, akampata Atys.

Mfalme alimsamehe. Adrastus mwenyewe hakuweza kujisamehe, akajiua juu ya kaburi la kijana.

Atys alikosa nini? Hakuna. Adrastus alikosa nini? Alitupa mkuki kwa nguruwe. Kiburi kilikuwa cha mtu mmoja, makaburi yakawa mawili ya watu wengine.

Kuna dada mmoja, jina kapuni, anayeijua hadithi hii bila kuwahi kuisoma. Mzazi mwenzie alimwacha na watoto wawili, akahamia kwa mwanamke mwingine, na mwanamke yule hakuwa na haya. Kila wiki picha: mara wako ufukweni, mara keki, mara gari. Dada akawa halali bila kupitia ukurasa wa mke mwenzie. Hakuwa anatukana. Alikuwa anasubiri. Shoga zake walimwambia tulia, malipo ni hapa hapa, na yeye akatulia kama mvuvi aliyetega nyavu.

Mwaka wa tatu malipo yakaja. Duka la mwanaume likafungwa kwa madeni, gari likachukuliwa, na yule mwanamke naye akaondoka na mizigo yake. Dada alilia kwa furaha. Jumamosi ile wakachoma nyama, muziki ukapigwa, mmoja wa mashoga akasimama na glasi na kusema Mungu si Athumani. Wakacheka mpaka majirani wakachungulia.

Muhula ulipofunguliwa, ada haikulipwa. Kumbe katika ubaya wake wote, yule mwanaume ada hakuwahi kuikosa. Watoto wakarudishwa nyumbani na barua. Na bibi yao mzaa baba, ambaye tangu ndoa ivunjike hakuacha kumwita dada "mwanangu" na kumtumia unga, akahamishwa kwenye nyumba aliyokuwa amepangiwa na mwanawe, akaenda kulala chumba kimoja na wajukuu wa mtu mwingine. Usiku mmoja mtoto mkubwa, wa miaka tisa, akamuuliza mama yake bila hasira, kama anayetaka tu kujua: "Mama, siku ile mlikuwa mnasherehekea baba kufilisika?"

Dada hakupata la kusema. Akamwambia mtoto alale.

Je, alikuwa amekosea kuumia? Hata kidogo. Alidhulumiwa kweli, na mwenye kidonda haambiwi asisikie maumivu. Lakini kuna tofauti, na Aristotle aliieleza vizuri katika kitabu chake cha maadili. Alizipanga hisia tatu. Ya kwanza ni wivu: mtu anaumia kila mwenzie anapofanikiwa, hata aliyestahili. Ya pili iko upande wa mwisho kabisa: mtu anafurahia mabaya yanapowapata watu, na Wagiriki walikuwa na neno zima kwa ajili ya furaha hiyo. Katikati ya hizo mbili, Aristotle aliweka nemesis: kuumia pale mtu anapopata asichostahili. Hiyo ndiyo ya kiungwana, kwa sababu ina kipimo. Inataka haki ikae sawa, ikishakaa inanyamaza. Haihitaji nyama choma.

Ukisoma maoni chini ya habari ya staa aliyeanguka, jaribu kuyapanga katika mafungu hayo matatu. Utashangaa. Wanaosema "alimdhulumu mwenzie, bora haki imepatikana" ni wachache. Wengi hata aliyedhulumiwa hawamjui. Wamekuja kucheka tu. Na anayecheka hivyo naye tayari amejaa, naye anaamini kwamba yeye yuko upande salama wa gurudumu. Ni kiburi kile kile cha Waajemi na jiwe lao.

Wagiriki waliliona hili na likawatisha, maana mbali na Nemesis walikuwa na wengine wabaya zaidi: Erinyes, mizimu ya kisasi iliyozaliwa kutokana na damu ya mungu Ouranos iliyodondoka ardhini. Hao kazi yao ilikuwa damu ya ndugu. Mwaka 458 KK mtunzi Aeschylus aliwaweka jukwaani Athens katika tamthilia zake tatu zinazofuatana. Agamemnon alimtoa binti yake kafara. Mkewe Clytemnestra akamuua Agamemnon kulipiza. Mwana wao Orestes akamuua mama yake kulipiza. Erinyes wakamfukuza Orestes nchi hadi nchi. Kila aliyeua alikuwa na sababu, na kila mmoja angeweza kusema malipo ni hapa hapa. Sasa ingeishia wapi?

Iliishia mahakamani. Mungu Athena aliketisha wazee wa mji, pande zote mbili zikasikilizwa, kura zikapigwa. Zikalingana, Orestes akaachiwa. Lakini uzuri uko kwenye kilichofuata. Erinyes wakawaka, wakatishia kuitia sumu ardhi yote. Athena hakuwafukuza wala kuwaambia hasira yao ni ya kijinga. Aliwabembeleza. Akawapa makao chini ya mji, akawapa heshima na sadaka, wakageuka walinzi wa nyumba za watu. Hasira ikapewa chumba, ikakatazwa kuendesha gari.

Hiyo ndiyo kazi ngumu kwa yeyote aliyetendwa. Kudai haki yako mahali pa haki: ustawi wa jamii, mahakamani, mbele ya wazee. Kuumia mpaka uishe. Halafu kumwachia mwenye dhiraa akapime mwenyewe, bila kumshikia mkono na bila kukaa getini kusubiri matokeo. Maana akishapima nyumba ya jirani, kijiti hakiweki chini. Anageuka kuangalia nani alikuwa anapiga makofi.

Wewe mdau, adui yako akianguka kesho asubuhi, la kwanza utakalofanya ni lipi? Jibu la ukweli, siyo la mbele za watu.