Kidude cha WiFi na tanki la mama

Wadau, nimepotea kidogo. Nilikuwa napambana na tanki la maji la mama.

Mama anaishi peke yake, na goti lake halitaki tena ngazi. Nikaweka boya tankini, nikaliunga na Arduino Uno R3, ili maji yakipungua apate ujumbe kwenye simu. Ila hiyo Uno haina WiFi. Inahitaji moduli ya kupokea data zake kwa waya na kuzirusha hewani.

Nikachagua kwa bei tu: ESP-01, yenye chipu ya ESP8266 iliyovuma mwaka 2014. Ikawa inawaka, inazima, inawaka. Usiku wa tatu ndipo nikasoma maelezo yake. Inatumia volti 3.3, wakati pini za data za Uno zinatoa 5. Watengenezaji wa chipu wanashauri chanzo cha umeme cha miliampea 500 au zaidi. Pini ya volti 3.3 ya Uno mwisho wake 50. Nilikuwa namnywesha ng'ombe kwa kijiko!

Mwandishi mzima, nawabana watu kwa maswali kila siku, lakini dukani sikuuliza hata moja.

Sasa natumia bodi ya ESP32. WiFi imo humo humo, Uno imestaafu, na chaja ya simu inaitosha. Ushauri wangu: uliza umeme kwanza, bei baadaye.

Jana ujumbe umefika. Mama akanipigia: "Mwanangu, nani huyo anachungulia tanki langu?"