Ukungu wa mtoni, ukungu wa mkate

Mama yangu anauza mikate huko Mangobo, hapa Kisangani. Katika jiji letu neno hilo peke yake linahitaji maelezo: mwenye Kiswahili akisema mikate, mwenye Kilingala hufikiria ile midogo ya kukaangwa kwa mafuta, kwa sababu mkate wa tanuri yeye huuita limpa. Mama huuza yote miwili, pamoja na kwanga. Kinachobaki jioni ni chakula chetu.

Tangu utoto wetu, mkate ukiota doa la kijani, Mama hutuambia: "Toa fasi ya mubaya, mukule." Tulitoa, tukala. Mwaka jana mdogo wangu aliumwa tumbo usiku kucha. Siwezi kuapa kwamba ni mkate, lakini nilianza kusoma. Nilijifunza kwamba doa ndilo jambo la mwisho kuonekana. Kabla yake kuvu imekwisha kutandaza nyuzi nyembamba ndani ya mkate, hasa mkate laini, mahali ambapo kisu hakifiki.

Nikapanga mikate juu ya kabati, nikaiangalia kila asubuhi. Mkate mrefu, nje ya mfuko, ulikauka kabla ya kuota chochote. Siku ya tatu ulikuwa mgumu kama ukuni. Mkate laini ndani ya plastiki ulibaki mzuri kwa macho, kisha siku ya nne ukatoa madoa ya kijani na, upande wa chini, nywele za kijivu zenye vichwa vyeusi. Kwanga, ambayo muhogo wake huchachushwa kwanza na kupata uchachu usiopendwa na kuvu nyingi, ilivumilia zaidi ndani ya majani yake. Mikate ya mafuta haikubaki hata mmoja wa kujaribia.

Joto la tanuri huua kuvu. Inayoota baadaye hutoka hewani, mikononi na kwenye kisu, nayo inahitaji maji. Mama hutia mikate ndani ya plastiki ingali moto, ili vumbi na nzi visiiguse.

Nilimwambia: "Mama, mikate yako ina ukungu." Akacheka. "Ukungu iko ya ku mto. Ya mukate ni kuoza."

Kesho yake, kabla ya jua kutoka, nilimletea mfuko uliofungwa usiku. Plastiki yote ilikuwa imejaa matone madogo, mkate hauonekani. Mama alipitisha kidole, akatazama maji.

"Kumbe iko ukungu," akasema.

Kamusi huweka maana hizo mbili pamoja: ukungu wa asubuhi na ukungu wa chakula. Mimi nilizikariri kama mfano wa neno lenye maana zaidi ya moja, nikapata alama zangu katika mtihani. Sikuwahi kuziona zikikaa katika mfuko mmoja, ya kwanza ikiitayarishia ya pili njia.

Siku hizi Mama huacha mikate ipoe chini ya kitambaa safi kabla ya kuifunga. Inayoharibika imepungua, lakini haijaisha. Hiyo tunaitupa yote, bila kukata. Mama hakubali kwa moyo mweupe: kila anapoitupa huhesabu kwa sauti, franka kwa franka, ili nisikie.