Tushuke pamoja na maji ya Ruzizi

Tuufuate mto Ruzizi, utokao katika ziwa Kivu huko Bukavu. Kilomita chache chini yake, chupa za plastiki zilizotupwa ziwani hurundikana penye ukuta wa kiwanda cha umeme, hata mashine hukwama na taa za mji kuzimika.

Chupa huonekana, nazo huopolewa. Lakini jua na mawimbi huzivunjavunja kuwa punje zisizofika milimita 5. Mwaka 2004 mtaalamu Mwingereza Richard Thompson alilieneza jina lake: mikroplastiki. Punje hizo hupenya pasipopita chupa. Ruzizi huingia ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Kutoka Kalemie mto Lukuga huyapeleka maji ya ziwa mpaka Lualaba. Nayo hupita Kisangani, hata Banana penye bahari ya Atlantika.

Wataalamu huzitafutaje? Hukokota wavu wenye matundu madogo sana. Tope la mtoni hulitia katika maji ya chumvi nyingi ili plastiki ielee, kisha huhesabu kwa darubini. Kando ya Manchester, Uingereza, walipima mito kabla na baada ya mafuriko ya 2015 na 2016. Waliona kwamba maji yalikuwa yamekomba karibu 70 kwa 100 ya punje zilizolala chini ya mito.

Basi tukitupa chupa mtoni, haikupotea: hulala ikingoja mvua. Na tuizuie huku juu, ingali nzima, kwa maana jirani zetu wa chini huvua na kunywa maji yale yale.